"ANAJITAHIDI": JE, TULIMSIKIA KWELI?



Kuna neno moja tunalitumia karibu kila Jumapili bila kulichunguza: "anajitahidi". Binti amesoma somo kwa mara ya kwanza, akakwama kwenye jina la mji mmoja wa Agano la Kale. Tukitoka nje ya kanisa tunasema, anajitahidi. Kijana amekalia kinanda kwa sababu mpigaji wa siku zote kasafiri, anajitahidi. Frateri katoa tafakari yake ya kwanza kigangoni. Naye jamani anajitahidi. Neno hili halina tusi ndani yake, lina hata upole fulani. Ila mkiliangalia vizuri mtaona kwamba likishatamkwa, mazungumzo yamekwisha. Hakuna anayeuliza: kwani alisoma nini? Alipiga nini? Alisema nini?

Basi swali la leo ndilo hilo. Mtu anaposimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza, yeye na wale waliokaa wanadaiana nini? Tumezoea kuangalia upande mmoja tu: yeye atufurahishe, asitupotezee muda. Mimi nataka tuangalie upande wa pili, upande wa viti. Naamini sisi tunaosikiliza nasi tuna deni, na kwamba mara nyingi hatulilipi hata pale tunapopiga makofi mpaka mikono inauma.

Kijana na saksafoni

Si muda mrefu uliopita vijana wa parokia kadhaa walikutana hapa Korogwe kwa tamasha. Palikuwa na kwaya, maigizo na ngonjera, kisha karibu na mwisho akapanda jukwaani kijana mmoja kutoka upande wa Handeni. Simtaji jina, maana hajanipa ruhusa. Alikuwa na saksafoni ya kuazima, na ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga mbele ya umati. Kabla ya hapo alikuwa akiipulizia shambani ili asiwasumbue majirani.

Alianza na wimbo wa Bikira Maria tunaoujua wote, akaupiga kama ulivyo. Halafu akauacha. Akaanza kuuzunguka, kuukata, kuushusha chini, kuupandisha, kama wafanyavyo wapigaji wa jazi. Kama dakika sita hivi, kisha akaurudia wimbo wenyewe na kumaliza.

Nilikuwa nimekaa katikati ya watu, kwa hiyo maoni yalinifikia kutoka pande zote. Nyuma yangu baba mmoja alinung'unika: "Mbona anauharibu wimbo wa Mama?" Pembeni mama mmoja akamjibu: "Mwache jamani, anajitahidi. Unajua maisha ya kwao lakini?" Mbele vijana walikuwa wameinua simu, wanapiga kelele "Moto! Moto!", na wengine walishaweka status kabla kijana hajamaliza. Alipomaliza, makofi yalikuwa mengi kweli.

Baadaye, wakati wa chakula, kijana akanisogelea na sahani yake ya pilau. "Frateri, naomba uniambie ukweli. Ilikuwaje?" Nikamuuliza wenzake wamemwambiaje. Akasema: "Wote wamesema safi. Nikiwauliza safi wapi, hawajui."

Palikuwa na mzee mmoja amekaa karibu nasi, mstaafu wa mashamba ya mkonge. Kijana alimwamkia, mzee akaitikia marahaba, akamtazama kidogo, kisha akasema: "Mjukuu wangu, pale katikati ulikuwa unakimbia. Nani alikuwa anakufukuza?"

Kijana akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Pumzi, babu. Niliona inaisha."

"Sasa usiifiche. Ikiisha, nyamaza. Sisi tutakusubiri."

Katika maoni yote ya siku ile, hilo la mzee peke yake ndilo lililothibitisha kwamba kuna mtu alisikia. Na angalieni: lilikuwa lawama! Lakini kijana alilipokea kama mtu aliyepewa maji.

Jazi si ngeni kwetu

Mtu anaweza kudhani jazi ni kitu cha kigeni kilichotufikia kwa intaneti. Waulizeni babu zenu. Mkoa wetu wa Tanga ulikuwa na Atomic Jazz Band na Jamhuri Jazz Band. Morogoro palikuwa na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora palikuwa na Tabora Jazz. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George, walipitia Jamhuri Jazz ya Tanga kabla ya kufika Nairobi na kujulikana kama Simba Wanyika. Kweli, muziki ule haukuwa sawa na jazi ya New York; neno "jazz" kwenye majina yale lilimaanisha zaidi bendi ya dansi yenye magitaa na vyombo vya kupuliza. Lakini masikio ya mzee wangu wa mkonge yalilelewa huko. Yanajua pumzi ya mpulizaji inavyofanya kazi.

Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu cha nane cha Siasa, anauliza kama vijana wafundishwe kupiga muziki wao wenyewe au wasikilize tu wengine. Jibu lake ni kwamba wapige wakiwa vijana, kwa sababu ni vigumu mtu asiyewahi kushiriki kazi fulani kuwa mwamuzi mzuri wa kazi hiyo. Hilo linatupa fundisho la kwanza: kusikia si jambo linalojitokea lenyewe kwa kuwa tu una masikio mawili. Ni uwezo, na uwezo hukuzwa. Nani kati yetu anajifunza kusikiliza kama anavyojifunza kuimba?

Tena historia ya pwani yetu inaonyesha jinsi masikio yanavyoweza kuzibwa na mambo yasiyohusu muziki. Babu wa babu zetu walicheza beni, ngoma iliyoiga bendi za matarumbeta za kijeshi. Vikundi viwili vikubwa vilikuwa Marini na Arinoti: Marini walijihesabu kuwa watu wa hadhi, Arinoti walikuwa watu wa kawaida, na ushindani wao ulikuwa mkali. Fikiria mtu wa Marini anasikiliza tarumbeta ya Arinoti. Unadhani alisikia tarumbeta? Alisikia Arinoti.

Njia tatu za kutosikia

Nikirudi kwenye maoni ya siku ile, naona njia tatu za kuwepo mahali bila kusikia.

Ya kwanza ni dharau. Hii tunaijua. Novemba 17, 1959, Ornette Coleman, mpiga saksafoni wa miaka 29 kutoka Fort Worth, Texas, alianza kupiga katika klabu ya Five Spot jijini New York. Hakuwa na jina kubwa pale, alipiga saksafoni ya plastiki, na muziki wake haukufuata mpangilio ambao watu walikuwa wameuzoea. Waliomsikiliza waligawanyika vibaya. Mwongozaji wa okestra Leonard Bernstein alimsifu waziwazi. Wanamuziki wengine wakubwa, Miles Davis akiwemo, walimsema kwa ukali. Mkataba ulikuwa wa wiki mbili, ukafika kama kumi. Mwaka 2007 Coleman alipewa Tuzo ya Pulitzer ya muziki.

Sisemi waliomkejeli walikosea kwa sababu baadaye alipata tuzo. Hiyo ingekuwa hoja dhaifu, maana tuzo nazo hukosea. Ninachosema ni hiki: klabu haiongezi mkataba kama watu hawarudi. Wapo waliotoka usiku wa kwanza wakiwa hawana uhakika, wakaona kwamba kutokuwa na uhakika si sababu ya kuhukumu bali ni sababu ya kurudi. Mwenye dharau hana haja ya kurudi, kwa sababu ameshajua.

Njia ya pili ni ushabiki, ule wa "Moto! Moto!". Mshabiki hamdharau mtu, anampenda. Lakini anachokipenda ni tukio, na yeye mwenyewe kuwemo kwenye tukio. Simu iko juu, macho yako kwenye kioo cha simu, na akili inatafuta maneno ya kuweka chini ya video. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tunaisoma methali hii kama onyo kwa mgema, kumbe ni onyo kwa walevi pia! Waliosifu hawakuwa wanaonja tena. Wangekuwa wanaonja, wangeyagundua maji siku ya kwanza.

Njia ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu inavaa nguo ya fadhila. Ni ile huruma ya kumwangalia mtu kutoka juu. Nichukue mfano wa majirani zetu. Korogocho ni mtaa wa mabanda jijini Nairobi, karibu na jalala kubwa la Dandora. Mwaka 2008, kwenye Parokia ya Mtakatifu Yohane ya huko, ulianza mradi wa kufundisha watoto muziki unaoitwa Ghetto Classics, ukiongozwa na Elizabeth Njoroge. Tamasha la kimataifa la jazi la Safaricom lilipoanza mwaka 2014, mapato yake yalielekezwa kusaidia mradi huo, na vijana wa Korogocho wakapata kupanda jukwaa lilelile wanalopanda wanamuziki waliotoka ng'ambo. Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo mpaka alipofariki Julai 2019, alikuwa mpenzi wa jazi aliyejifunza saksafoni ukubwani. Ni kazi njema, na Kanisa lilikuwa nyumba yake ya kwanza. Mungu awabariki.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mtu aliyenunua tiketi. Anapanda kijana wa Korogocho na saksafoni, ndiyo mara yake ya kwanza kwenye jukwaa kubwa. Msikilizaji anajua habari za jalala. Machozi yanamlengalenga kabla noti ya kwanza haijatoka. Kijana akipiga vizuri atapigiwa makofi. Akipiga vibaya atapigiwa makofi yaleyale. Je, makofi hayo yamesema nini juu ya alichopiga? Hayajasema kitu. Na kijana ana akili, analijua hilo. Atarudi nyumbani akiwa na makofi mengi na bila jibu, kama yule wetu: "Nikiwauliza safi wapi, hawajui."

Ndiyo maana nasema dharau na huruma ya namna hiyo ni ndugu. Mwenye dharau anasema: ametoka wapi huyu, atakuwa na nini cha kutuambia? Mwenye huruma ya juu kwa chini anasema: ametoka pagumu huyu, tusimdai kitu. Wote wawili wameangalia alikotoka. Hakuna aliyesikiliza alichopiga.

Nazareti

Hakuna mahali jambo hili linaonekana wazi kama sinagogi la Nazareti. Someni sura ya sita ya Injili ya Marko. Yesu anarudi kwao, Sabato inafika, anafundisha. Wanaomsikia wanashangaa; wanakiri hekima, wanakiri kazi za mikono yake. Mpaka hapo masikio yanafanya kazi. Halafu maswali yanageuka: yanauliza kazi yake ya mikono, mama yake, ndugu zake. Kuanzia hapo hatusikii tena hata neno moja la mafundisho yenyewe. Nani anakumbuka alifundisha nini siku ile? Marko hatuambii, maana Nazareti waliacha kusikiliza.

Sisi Waswahili tuna methali, mcheza kwao hutuzwa. Yesu naye alisema kwamba nabii hakosi heshima isipokuwa kwao. Zinagongana? Nadhani hazigongani, zinaelezana. Kwenu unatuzwa kwa sababu wewe ni wa kwenu. Na kwa sababu hiyohiyo, siku utakapoleta neno jipya, kwenu ndiko watakuwa wa kwanza kutolisikia. Wakikutuza wanamtuza mtoto wa fulani, na wakikukataa wanamkataa mtoto wa fulani. Neno lenyewe halijaguswa bado.

Na Marko anaongeza jambo zito: kwamba pale Nazareti Yesu hakuweza kufanya miujiza mingi, ila aliwaponya wagonjwa wachache. Fikirini! Mwana wa Mungu mwenyewe alikubali kazi yake ihusiane na masikio ya watu. Kama usikivu wetu ulikuwa na sehemu katika kazi ya Bwana, je, hautakuwa na sehemu katika kazi ya kijana wa Handeni? Usikivu wa watu ni udongo. Mbegu ni njema, sawa, lakini aliyesimulia mfano wa mpanzi alizungumzia sana udongo.

Basi tufanyeje: tuwe wakali?

Hapa kuna pingamizi mbili, na zote ni za haki.

Ya kwanza inasema: Frateri, unataka tuanze kukosoa wanaoanza? Utawavunja moyo. Ya pili inatoka upande mwingine: wakali ndio wanaotengeneza watu. Wapenda jazi husimulia kisa cha Charlie Parker. Akiwa kijana mdogo huko Kansas City, miaka ya 1930, alijaribu kupiga saksafoni pamoja na wakubwa, akapotea, na mpiga dramu Jo Jones akamrushia miguuni sahani ya shaba ya dramu zake. Watu wakacheka. Kijana akaenda akajifungia na mazoezi, akarudi akiwa Charlie Parker. Kwa hiyo, wanasema, tuwarushie sahani.

Nianze na hii ya pili. Tunamjua Parker kwa sababu alirudi. Je, wale waliorushiwa sahani wasirudi, majina yao tutayapata wapi? Hoja inayohesabu waliopona tu si hoja. Tena kilichomjenga Parker ni kile alichokifanya baadaye: alikaa na rekodi za Lester Young, akazisikiliza na kuzirudia mpaka akazielewa. Yaani hata hapo, dawa ilikuwa kusikiliza.

Kwa pingamizi ya kwanza, Mtakatifu Thoma wa Akwino ananisaidia. Katika Summa, Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 60, kifungu cha 4, anauliza kama mambo yenye mashaka yafasiriwe kwa upande mwema. Anajibu ndiyo: mtu asipokuwa na ushahidi wazi wa ubaya wa mwenzake, amdhanie mema, hata kama kwa kufanya hivyo atadanganyika mara nyingi. Lakini hapo hapo anatofautisha: kuhukumu vitu ni jambo moja, na kuhukumu watu ni jambo jingine. Kitu hakipati hasara ukikihukumu kilivyo. Ukweli ndio unaotakiwa. Mtu ndiye anayestahili kufasiriwa kwa wema.

Tofauti hiyo ndogo inafungua kila kitu. Upigaji ni kitu. Mpigaji ni mtu. Noti iliyokimbia ilikimbia, hakuna dhambi kusema. Ila kwa nini ilikimbia, hapo ndipo wema unapotakiwa: si kwa sababu ni mvivu au anajidai, huenda pumzi iliisha, huenda aliogopa, huenda hajawahi kupata mahali pa kupulizia bila kuonea majirani aibu. Mwenye dharau anachukua ukali unaostahili kitu na kumpiga nao mtu. Mwenye kusema "anajitahidi" anachukua upole unaostahili mtu na kufunika nao kitu. Kumbe vyote viwili vinaweza kukaa pamoja, kila kimoja mahali pake. Rudieni maneno ya mzee: "Ulikuwa unakimbia" ni hukumu ya kitu. "Sisi tutakusubiri" ni upendo kwa mtu.

Katika swali la 63 Thoma anaeleza pia dhambi ya kupendelea watu. Ukimpandisha mtu kuwa mwalimu kwa sababu ana elimu ya kutosha, umeangalia sababu inayostahili; ukimpandisha kwa sababu ni Petro au Martino, umeangalia sura. Sisi tunadhani upendeleo ni kwa matajiri tu, kama Mtume Yakobo anavyoonya juu ya yule mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri. Lakini hata maskini tunaweza kumwangalia sura badala ya kumsikiliza.

Je, huruma basi ni kosa? Hapana! Turudi kwa Marko, sura ileile ya sita. Yesu anashuka chomboni, anaona umati mkubwa kama kondoo wasio na mchungaji, anawahurumia. Na huruma hiyo inamfanya afanye nini kwanza? Anaanza kuwafundisha mambo mengi. Hakusema "maskini, wamechoka, tusiwasumbue". Aliwaona kuwa watu wanaoweza kuelewa. Mkate ulifuata, ila neno lilitangulia. Huruma ya Kristo humpa mtu vyote viwili, chakula na heshima ya kuambiwa ukweli.

Na mfano wa msikilizaji bora kwangu ni mzee Eli. Mtoto Samweli ana unabii wake wa kwanza, na unabii wenyewe ni mbaya kwa Eli na nyumba yake. Samweli anaogopa kusema. Eli ndiye anayemsihi asimfiche hata neno. Mzee yule alikuwa na makosa mengi kama mzazi, lakini siku ile alimpa mtoto zawadi kubwa: alimchukulia kwamba ana neno. Akalisikia lote, likamuuma, akalipokea.

Na ndani ya Misa?

Nimtendee haki na yule baba wa nyuma yangu, aliyesema wimbo wa Mama unaharibiwa. Swali lake si la kubeza. Kanisa limelifikiria muda mrefu. Mtakatifu Agustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anahangaika: nyimbo za kanisa zilimtoa machozi na kumjenga, lakini alijikuta wakati mwingine anaguswa na sauti kuliko kinachoimbwa. Papa Pius wa Kumi, Novemba 22, 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, aliweka masharti makali kuhusu vyombo kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, namba 120, ulifungua mlango kwa vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka husika, mradi vifae kwa matumizi matakatifu na kuwajenga waamini.

Kwa hiyo kama kijana angepiga vile wakati wa Komunyo, swali la baba lingekuwa na uzito mwingine, na jibu lingetoka kwa paroko, si kwangu. Lakini tulikuwa ukumbini, kwenye tamasha. Na hata swali zuri linahitaji kusikia kwanza. Angevumilia mpaka mwisho, angesikia kijana akiurudia wimbo wa Mama kama alivyoupokea, baada ya kuuzungukia wote. Pengine angesema bado umeharibiwa. Sawa! Ila angekuwa anazungumza juu ya wimbo wote, si nusu yake.

Mambo matatu ya wiki hii

Naomba tujaribu, kwenye VIWAWA, TYCS, kwaya au jumuiya yako ndogo ndogo.

Moja: kijana akisimama kwa mara ya kwanza, weka simu chini mpaka amalize. Picha utapiga mwishoni. Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyefariki 1943, aliona kwamba kumpa mtu usikivu wako kamili ni ukarimu mkubwa kuliko tunavyodhani. Nasi vijana tusio na pesa za kutuza, huo ndio ukarimu tunaoumudu.

Mbili: usitoe sifa bila anwani. Badala ya "safi" au "unajitahidi", mwambie kitu kimoja mahususi ulichokisikia: pale ulipotulia palinigusa, pale uliposoma haraka sikuelewa. Ukijikuta huna hata kimoja, basi jiulize ulikuwa wapi dakika zile.

Tatu: ukiwa na neno la kukosoa, liambatanishe na ahadi. Lawama bila ahadi ni sahani iliyorushwa miguuni. Mwambie kijana kwamba utakuja tena, kisha njoo kweli.

Na wewe unayejiandaa kusimama kwa mara ya kwanza, iwe kwenye mimbari ya masomo, kwenye kinanda au na saksafoni ya kuazima: usiyahesabu makofi, wala usiyaogope manung'uniko. Tafuta mtu mmoja aliyesikia. Huenda ni mzee aliyekaa pembeni na asiyepiga kelele. Muulize, kisha vumilia jibu. Na kumbuka kwamba kabla ya watu wote hao yupo mmoja anayekusikia hata unapopulizia shambani peke yako. Yeye hakuonei huruma kutoka juu. Alishuka, akasimama mwenyewe mbele ya watu wa kwao, akajua inavyokuwa.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyezibua masikio ya kiziwi, zibua na yetu. Utuepushe na dharau inayojua kabla ya kusikia, na upole unaoogopa ukweli. Utufundishe kuwasubiri wanaoanza, kama unavyotusubiri sisi. Amina.

Jumapili njema, na tuombeane.